Mafundo Ndani ya Kola

Kufuli lile alilijua.

Alilijua kwa rangi yake ya shaba na kwa ile nembo ya simba asiye na mkia iliyopigwa tumboni. Makufuli kumi na mawili ya namna hiyo yaliletwa nyumbani kwake miaka minne iliyopita ndani ya sanduku la kadibodi, yakawekwa chini ya kitanda, upande anaolala mumewe. Sita yalishatoka, moja moja. Juzi alipofagia aliyaona yaliyobaki: matano. La saba alikuwa amelishika mkononi sasa hivi, likining'inia kwenye mlango wa duka la baba yake mzazi.

Hapo ndipo tulipomwacha Binti Dobi, ndugu msomaji, saa moja na nusu asubuhi, jua likimchoma kisogoni.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, sikiliza haraka kabla mzee hajafika. Mume wa dada huyu mtaa mzima unamwita Bwana Kufuli. Ana mali, lakini hana biashara hata moja aliyoianzisha mwenyewe. Hununua zilizokwisha simama: mashine ya kusaga, karakana ya baiskeli, duka la miwani, duka la madaftari, saluni, kiwanda cha matofali. Hutafuta mzee aliyechoka, ambaye watoto wake hawaitaki kazi yake, akanunua kila kitu pamoja na jina. "Kwa nini nihangaike na mteja wa kwanza," husema, "wakati kuna mtu amenikusanyia wateja miaka thelathini?" Kibao hakiondoi. Mwenye duka wa zamani humwacha kwenye kiti chake siku tisini ili wateja wasishtuke, kisha kiti hutolewa nje. Siku ya kwanza hubadilisha kufuli tu.

"Ni wewe, mama?"

Binti Dobi aligeuka. Baba yake alikuwa anakuja ukingoni mwa barabara, kopo la chakula mkononi, midomo ikichezacheza. Alikuwa anahesabu hatua. Kutoka kwenye nguzo ya umeme hadi mlangoni ni hatua arobaini na mbili, na hakuna mtu mtaani aliyejua kwamba anazihesabu, isipokuwa binti yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo si Alhamisi. Umekuja kufanya nini?"

"Nimesikia umeuza."

Mzee Dobi akacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo. "Nani kakwambia? Nilitaka nikushangaze! Nimeuza, mwanangu. Kampuni imenunua. Nusu ya fedha wamenipa, nusu siku ya tisini. Na kiti changu wameniachia, pale pale dirishani."

"Kampuni gani, baba?"

"Dalali hakusema jina. Alisema kampuni."

Binti Dobi akaingiza mkono kwenye mkoba. Kwenye funguo zake za nyumbani palikuwa na kifunguo kidogo cha shaba ambacho mumewe alimpa amtunzie. Bwana Kufuli hapendi mfuko mzito. Makufuli yake yote kumi na mawili aliyaagiza yawe ya ufunguo mmoja.

Akakiingiza. Kufuli likafunguka kwa utii.

"Umefungua na nini?" baba akauliza.

"Lilikuwa halijabana, baba."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza asubuhi ile. Ningekuwa karibu ningemziba mdomo.

Ndani palikuwa pasafi mno. Rafu zilikuwa zimepangwa upya, mashati upande mmoja, magauni upande mwingine, makoti mwisho. Kila nguo ilikuwa na lebo nyeupe ya plastiki iliyobanwa kwenye kifungo cha juu, na kila lebo ina namba. Moja mpaka mia tatu na kumi na moja.

Mzee Dobi hakuziona lebo. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya kwanza, akachukua shati, akapitisha kidole gumba ndani ya kola.

Akasita. Akapitisha tena.

Akaliweka, akachukua la pili. La tatu. La nne alilivuta kwa nguvu mpaka rafu ikayumba.

"Mama," akasema taratibu. "Mafundo yako wapi?"

Na mafundo, msomaji, ndiyo yaliyokuwa duka lenyewe. Miaka thelathini na moja mzee yule hakuwahi kutoa risiti hata moja. Kila nyumba ilikuwa na alama yake, vifundo vya uzi vilivyoshonwa ndani ya kola au pindo, alama aliyoibuni marehemu mkewe. Mwalimu mkuu mawili, nafasi, moja. Muuguzi wa zamu matatu yaliyoshikana. Mteja akiingia na kusalimu, mzee anamtambua kwa sauti, anapitisha gumba kwenye kola, anamkabidhi nguo zake. Watu walisema dobi ana kumbukumbu ya ajabu. Hawakujua kwamba macho yalimwishia miaka mitatu iliyopita, akabaki na mwanga na vivuli tu. Kutia uzi sindanoni hakuweza tena. Kila Alhamisi binti yake alikuja kumshonea mafundo, mlango umerudishiwa, na ilikuwa siri ya watu wawili. Akimaliza aliufungua mlango, akakaa na wateja na kuwasikiliza shida zao.

Sasa mafundo yote yalikuwa yamefumuliwa. Mtu alikaa hapa jana, siku ya mapumziko, akayakata moja baada ya jingine kwa ncha ya wembe. Wembe wenyewe alikuwa ameusahau juu ya kaunta.

"Mkataba uko wapi, baba?"

"Kwenye droo. Lakini nilisomewa."

"Nani alikusomea?"

"Dalali. Alisoma mpaka kifungu cha nane. Akasema vilivyobaki ni mambo ya mihuri."

Binti Dobi alisoma cha tisa. Alikisoma mara mbili kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Kilisema kwamba muuzaji atakabidhi kila nguo iliyomo kwa mwenyewe, na nguo yoyote itakayokosa mwenyewe au kwenda kwa asiyestahili, thamani yake mara tatu itakatwa kwenye nusu ya pili ya malipo.

Nguo mia tatu na kumi na moja. Mara tatu.

"Lakini si wao waliofumua?" mzee akauliza. Alikuwa bado hajaelewa. "Watakata vipi fedha yangu kwa kosa lao?"

Chini ya karatasi palikuwa na jina la mnunuzi na sahihi yake. Sahihi ile Binti Dobi ameiona kwenye fomu za shule za pacha wake wawili, yenye mkia mrefu kama uzi wa tiara.

"Jina la kampuni limeandikwa?" baba akauliza.

"Limefutika, baba. Halisomeki."

Uongo wa pili. Aibu ilikuwa imemkaba, na mtu aliyekabwa hasemi anachotaka.

Saa mbili kamili Bwana Kufuli aliingia. Shati lake lilikuwa limenyooka, viatu vinang'aa, nyuma yake kijana mmoja mwenye tai ambaye wiki hii ameanza kuitwa Meneja. Alipomwona mkewe hakushtuka. Alitabasamu, akaenda kwa mzee akiwa ameinama kidogo, kama mkwe mwenye adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! Ni Baba Pacha!" Uso wa mzee ukachanua. "Umekuja wakati mzuri, mwanangu. Hii kampuni imenichezea. Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya ya kununua na kuuza. Nisaidie kuongea nao."

"Nitaongea nao, baba," alisema Bwana Kufuli.

Bila kupepesa macho!

Binti Dobi alichukua shati moja kwenye rafu, akamwonyesha mumewe mlango wa chumba cha pasi kwa kidevu. Walipoingia aliusukuma mlango kwa kisigino.

"Kwa nini hukuja kama mtu? Ungekaa naye, ukasema nataka kununua. Angekuuzia."

"Nikija kama mkwe bei inakuwa ya kifamilia. Atalia, wewe utalia, nitajikuta nalipa mara mbili. Biashara haiendi hivyo, Mama Pacha."

"Karakana ya baiskeli, yenye kutu tupu, umeilipia zaidi ya hii."

"Mwenye karakana alikuwa anaona."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, akikung'uta vumbi kwenye pindo la mkono wa shati lake.

"Na mafundo umeyafumua kwa makusudi."

"Nimeweka lebo za kisasa. Mteja hataki uzi unaomkwaruza shingo."

"Umefumua ili baba asilipwe nusu yake."

Bwana Kufuli akatazama meza ya pasi, akatazama dirisha. Hakukana. "Mkataba ni mkataba," akasema. "Kila mtu alisaini kwa mkono wake."

"Nani alikwambia kuhusu macho yake? Hakuna anayejua. Hakuna!"

Hapo mumewe alimtazama kwa huruma kidogo, na huruma ile ndiyo iliyomuuma kuliko yote.

"Wewe," akasema. "Ulinieleza mwenyewe, tumelala, ukaniambia baba sasa anahesabu hatua. Ulilia, nikakubembeleza. Umesahau? Mwenye kiwanda cha matofali, nani aliniambia mgongo umemshinda na mwanawe hataki udongo? Ile saluni? Mama Miwani alimlilia nani hapa hapa Alhamisi, kwamba mwanawe aliyehama harudi tena na duka linamshinda? Nilinunua mwezi uliofuata. Mimi sina dalali anayekuzidi, mke wangu. Yule wa nje ni wa kupeleka karatasi tu."

"Nilikuwa nakusimulia," alisema Binti Dobi. "Mtu humsimulia mumewe."

"Na mimi nilikusikiliza. Ni wanaume wangapi wanawasikiliza wake zao?"

Alitamani kumchapa kofi. Alitamani ardhi immeze. Miaka minne alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba mumewe akirudi nyumbani humuuliza, "Haya, leo umesikia nini?" na wenzake wakamwonea wivu. Ili asiutazame uso ule tena, aliliinua shati alilokuwa ameshika, akalielekeza dirishani.

Jua likapita ndani ya kola.

Vitundu viwili, nafasi, kitundu kimoja.

Alisogeza shati karibu. Kitambaa kilichopigwa pasi hakisahau haraka. Uzi ukitolewa, tundu la sindano hubaki wazi mpaka nguo ifuliwe tena. Mafundo yalikuwa yameondoka lakini alama zilikuwa pale pale, kila moja mahali alipoishona yeye mwenyewe.

Akacheka. Hakuweza kujizuia.

"Unacheka nini?"

"Umefumua baada ya kufua," akasema. "Hukufua tena. Miaka minne unanunua kazi za watu, hujajifunza hata moja! Matundu yote yako hapa, naona kila nyumba."

Ah, dada yangu! Hasira ikishika usukani mdomo hauna breki. Bwana Kufuli alifungua mlango na kupaza sauti.

"Meneja! Loweka zote! Sasa hivi, zote!"

Yule kijana mwenye tai alikuwa mwepesi. Kabla Binti Dobi hajavuka kizingiti, makoti kumi yalishakuwa mikononi mwake na mguu mmoja umeelekea kwenye pipa la kulowekea.

"Baba!" Binti Dobi alipiga kelele. "Fungua mlango wa mbele! Waite watu waingie!"

Mzee hakuuliza kwa nini. Alihesabu hatua sita, akausukuma mlango, na wateja wa asubuhi waliokuwa wamejipanga kwenye ngazi wakaingia kwa pamoja. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu, kanyoa ndevu, tai nyeusi mkononi.

"Dobi, koti langu jeusi. Saa sita namzika shemeji yangu."

Akaliona. Lilikuwa mikononi mwa Meneja, mkono mmoja wa koti tayari unagusa maji.

"Wewe! Unalipeleka wapi hilo?"

"Linalowekwa, mzee. Ni namba mia mbili na nane. Rudi keshokutwa."

"Namba?" Mwalimu mkuu alikuwa amezoea kunyamazisha ukumbi mzima bila kipaza sauti. "Nikamzike shemeji yangu keshokutwa? Weka chini! Weka chini zote!"

Meneja akaweka chini. Nadhani hata mimi ningeweka.

Bwana Kufuli alijaribu kueleza kuhusu mfumo mpya. Muuguzi wa zamu alimwambia mfumo ausubiri nje, yeye anaingia kazini saa nne na sare zake nne ziko humu. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alitaka shuka zake. Fundi bomba alitaka suruali ya harusi ya kaka yake. Watu walikuwa wameshafika kwenye rafu, na hakuna mwenye mali anayethubutu kuwavuta mikono wateja wake siku ya kwanza, mbele ya kibao alichonunua kwa sababu ya wateja hao hao.

Binti Dobi alikaa kwenye kiti cha baba yake dirishani. Akawa anainua kila nguo kwenye jua na kutaja matundu. "Mawili, nafasi, moja." Baba yake, amesimama nyuma yake, anajibu jina la nyumba papo hapo kabla hajamaliza. "Matatu yameshikana." "Muuguzi!" "Moja, nafasi, moja, nafasi, moja." "Wale wa ghorofani, wenye mbwa!" Watu wakacheka. Mwalimu mkuu alitoa kalamu, akawa anaandika majina nyuma ya zile lebo nyeupe kwa mwandiko wake wa ubaoni. Saa tano aliondoka na koti lake, akamwachia kalamu fundi bomba, na fundi bomba akaandika vibaya lakini akaandika.

Saa saba mchana zilikwisha. Mia tatu na kumi na moja, na kila moja ina mwenyewe. Mzee Dobi alikuwa anatokwa na jasho, anacheka peke yake. Tangu afe mkewe binti hakuwahi kumwona na furaha namna ile.

"Kampuni itakoma!" mzee akasema. "Baba Pacha, bado uko hapa? Utakuwa shahidi wangu."

Bwana Kufuli alikuwa bado yuko. Muda wote alikuwa ameegemea ukuta karibu na mlango, mikono kifuani. Wateja walishatawanyika.

Binti Dobi alisimama. Angeweza kunyamaza, msomaji. Fedha ya baba ilikuwa imeokoka, kifungu cha tisa kilikuwa kimekosa meno. Lakini alimtazama baba yake akiutabasamia ukuta, pale alipodhani mkwe wake amesimama, kumbe amesimama hatua mbili kulia, na moyo ukakataa.

"Baba," akasema. "Kampuni ndiyo huyu."

Tabasamu la mzee halikuondoka mara moja. Lilikwenda likififia, likabaki kwenye mdomo tu.

"Huyu nani?"

"Mume wangu. Jina lake lipo kwenye mkataba. Nilikudanganya kwamba limefutika."

Mzee akageuza uso huku na huku, akiitafuta sauti. "Baba Pacha?"

"Ni kweli, baba," Bwana Kufuli alisema. "Nimenunua. Nimelipa, sijaiba. Na nusu ya pili utaipata, kwa vile nguo zote zimepata wenyewe. Lakini kabla hujanilaumu mimi, muulize binti yako nilijuaje kwamba huoni."

"Naona," alisema mzee.

"Mimi naona," akarudia, na safari hii alijinyoosha kama askari.

Bwana Kufuli aliokota shati moja juu ya kaunta, akamkunjulia mbele ya uso.

"Hili rangi gani, baba?"

Shati lilikuwa jekundu. Jekundu la kupiga kelele! Mzee aliinua mkono, vidole vikalitafuta hewani, vikalikuta. Akapapasa kitambaa, akapapasa kola. Ningelipa chochote ili niweze kumnong'oneza rangi ile.

Na mkwe wake, aliyeposa katika nyumba yake, aliyekula sahani moja naye, aliliweka shati chini taratibu, akalikunja vizuri.

"Siku tisini zinaanza leo," alisema. "Meneja atakuja kesho saa moja. Siku ya tisini na moja nakitoa kiti."

Akatoka, yule mwenye tai nyuma yake. Walipita kwenye ngazi bila kumwona mama mmoja mnene aliyekuwa anapanda polepole, ameshika reli.

Ndani, baba na binti walibaki na mvuke unaopoa.

"Mama," mzee akasema.

"Naam, baba."

"Tulikuwa wawili tu tunaojua."

"Ndiyo, baba."

"Mimi sikumwambia mtu. Hata daktari nilimdanganya."

Binti Dobi alipiga magoti. "Ni mimi, baba. Nilimwambia mimi. Sikujua anakwenda kuifanyia nini siri yetu. Nilikuwa naumia kwa ajili yako, sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia."

Mzee hakumgusa. Alikuwa anafikiri, na alikuwa mtu wa kufikiri polepole, kitu baada ya kitu, kama anavyopanga rafu.

"Na wale wengine?" akauliza. "Yule wa matofali. Yule wa madaftari. Walikuwa wakija hapa Alhamisi, wakikaa na wewe. Na wao ni wewe?"

Binti Dobi alifungua mdomo.

"Jibu, mwanangu," sauti nyingine ikasema. "Hata mimi nataka kusikia."

Mama Miwani alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amefuata sweta lake la kijivu. Mkono mmoja ulikuwa juu ya mlango, na mwingine umelishika lile kufuli la shaba lililokuwa likining'inia wazi kwenye kitasa. Alikuwa analigeuzageuza, analitazama kwa karibu, sawasawa na lile lililowekwa kwenye mlango wa duka lake siku mumewe alipotimiza mwaka kaburini.

"Ndiyo," alisema Binti Dobi. "Wote. Na wewe, mama. Wote ni mimi."

Mjane hakulia. Alilichomoa kufuli kwenye kitasa, akalishika.

Mzee Dobi alinyoosha mkono kwa binti yake aliyepiga magoti. Binti akadhani anabembelezwa, akasogea. Mkono ule ulipita kwenye bega, ukapanda shingoni, na kidole gumba kikaingia ndani ya kola ya gauni lake.

Kikalikuta. Fundo moja tu, peke yake, la uzi mweupe. Alama ya nyumba ya Mzee Dobi. Alipoolewa, mama yake aliibunia nyumba yake mpya alama nyingine, lakini kwenye nguo zake mwenyewe Binti Dobi hakuwahi kuitumia. Miaka kumi na tatu ya ndoa, kila gauni lake alilishonea fundo moja, la kwao.

Gumba la mzee lilitulia juu ya fundo lile kwa muda mrefu.

"Kuna wembe juu ya kaunta," akasema. "Nimeugusa asubuhi. Nipe."

"Baba..."

"Nipe."

Aliinuka, akauchukua. Ulikuwa mwembamba, bado una nyuzi mbili tatu za jana. Mama Miwani aliuona, akageuza uso.

Binti Dobi aliuweka wembe kwenye kiganja cha baba yake asiyeona, akapiga magoti tena, akainamisha shingo ili alifikie fundo.